Kubalansi, kusimama upande au kupima: habari moja ya nyavu, njia tatu za kuiandika

Vijana wa field, wanafunzi wa uandishi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, wakija kwenye redio yetu ndogo hapa Mwanza, haipiti wiki kabla mmoja hajaniuliza: "Mzee, mwandishi anatakiwa awe upande wa nani?" Darasani wameambiwa asiwe upande wa yeyote. Kwenye simu zao wanaona wenye wafuasi wengi ni wale walioegemea mpaka wamelala kabisa. Ofisini wanamkuta mhariri anayesema, "Balansi hiyo stori, niletee kabla ya saa tisa." Mambo matatu, na yote yanaitwa uandishi wa habari.

Huwa siwajibu kwa maneno mengi. Nawapa habari ambayo kila aliyekulia kando ya ziwa hili anaijua, ya nyavu kukamatwa na kuchomwa moto, tunaiandika mara tatu, kisha wachague. Naiweka hapa kwa anayeandika, anayehariri, na hata kwa anayesikiliza tu na hajui amwamini nani. Namba zilizomo ni za darasani, nimezitunga.

Hii ni ya kubalansi:

"Ofisi ya uvuvi jana iliteketeza nyavu 14 za dagaa zinazodaiwa kuwa haramu. Afisa uvuvi alisema nyavu hizo zina macho madogo kuliko yanayoruhusiwa. Hata hivyo, wavuvi walipinga madai hayo wakisema nyavu zao ni halali na walizinunua dukani kwa risiti."

Hii ni ya kusimama upande:

"Jasho la mnyonge limegeuka majivu. Mikopo ya vikoba bado inadaiwa, watoto wako shule, na kina mama waliokuwa wanasubiri dagaa wa kuanika wamebaki na ndoo tupu. Wenye viyoyozi wanajipongeza kwamba wamelinda ziwa. Wamelilinda dhidi ya nani?"

Na hii ni ya kupima:

"Kati ya nyavu 14 zilizoteketezwa jana, tatu zilikuwa na macho ya milimita 8, na sita zilikuwa na macho ya milimita 6. Mwandishi alipima vipande vilivyosalia mbele ya mwenye nyavu na kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Nyavu tano ziliungua zote na hazikuweza kupimwa. Kanuni inataka milimita 8. Alipoonyeshwa vipimo, afisa uvuvi alisema ukaguzi ulifanyika usiku na kwamba nyavu zote zilikuwa zimechanganywa kwenye mtumbwi mmoja."

(Nasema milimita 8 kwa ajili ya zoezi. Kabla hujaenda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa, soma kanuni inayotumika siku hiyo, maana hubadilishwa, na wavuvi wanajua zimebadilishwa lini kuliko wewe.)

Ukiwauliza vijana ipi nzuri, wengi wanachagua ya pili. Nawaelewa, ina damu. Wachache, wale wanaokaa mbele darasani, wanachagua ya kwanza kwa sababu ni "professional". Ya tatu inaonekana ngumu kama kitafunwa cha jana.

Ile ya kwanza nakiri nimeshaiandika, karibu neno kwa neno, enzi hizo nikiwa mwandishi wa kujitegemea ninayelipwa kwa stori. Nilifika mwaloni saa nne asubuhi, moshi bado unafuka. Nyavu za dagaa haziungui kama karatasi. Zinayeyuka, zinakuwa donge jeusi linalonata na mchanga, na harufu yake inakaa kwenye shati siku mbili. Nikamhoji afisa, nikawahoji wavuvi wawili, nikapiga picha, nikapanda daladala. Gazeti likaitoa ukurasa wa ndani. Nikajiona nimetenda haki, aya tatu za huyu na aya tatu za wale.

Wiki iliyofuata nilipita pale pale kwa shughuli nyingine. Mama mmoja anayeanika dagaa akaniita. Gazeti lenyewe alikuwa nalo, amefungia samaki.

"Wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesoma yote. Sasa zile nyavu zilikuwa halali au haramu?"

Nikaanza: "Afisa anasema..."

"Ya afisa nilimsikia mwenyewe, nilikuwepo. Ya wavuvi nayo nilikuwepo, mmoja ni mume wa mdogo wangu. Nakuuliza wewe uliyekuja kuangalia."

Sikuwa na jibu. Pembeni ya chanja alikaa mtoto wake na daftari la hesabu mapajani, rula ya plastiki imebanwa katikati. Na kwenye mguu wa chanja kulikuwa na kipande cha wavu kilichookolewa, wamefungia mti. Kupima wavu si kazi ya mhandisi. Unauvuta mpaka jicho linakaza, unahesabu macho kumi mfululizo kutoka fundo hadi fundo, unaweka rula, unagawa kwa kumi. Sentimita 8 ukigawa kwa kumi ni milimita 8. Dakika tano. Nilikuwa nimetumia saa nzima kukusanya nukuu za pande mbili na sikutumia dakika tano kutazama kitu kilichokuwa kinagombaniwa.

Tangu siku hiyo neno kubalansi linanipa shida. Mwaloni Kirumba wanakuja wanunuzi wa dagaa kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na kwingine. Angalia mnunuzi mzoefu anavyoikaribia mizani asiyoijua. Haridhiki kwamba mshale umetulia katikati. Anatoa jiwe lake la kilo moja mfukoni, analiweka juu, anaona inasoma ngapi, ndipo anaruhusu gunia lipande. Sisi waandishi tumechukua neno la mizani tukasahau gunia. Tunahangaika mshale usimame katikati, huyu sentensi tano na yule sentensi tano, wakati juu ya mizani hakuna kitu.

Vitabuni wanaita kutoegemea upande. Ofisini tunaita kubalansi. Watu wanayachanganya, na hapo ndipo ubishi wote unapozaliwa, kwa sababu unaweza kubalansi kikamilifu na bado ukaegemea. Umemwachia mwongo nafasi sawa na mkweli. Ukimpa kila mmoja nusu, aliyefaidika ni mmoja tu.

Waliolianzisha jambo hili hawakuwa na maana hiyo ya nusu kwa nusu. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Walter Lippmann na Charles Merz, walipitia habari za New York Times kuhusu mapinduzi ya Urusi, miaka mitatu ya magazeti, 1917 hadi 1920. Walihesabu. Wakakuta gazeti limeandika mara 91 kwamba utawala wa Wabolsheviki unakaribia kuanguka au umeshaanguka. Haukuanguka. Waandishi wale hawakukaa chini kupanga uongo. Walikuwa wanatamani uanguke, na matamanio yakawa yanachagua ni chanzo kipi cha kuaminiwa. Dawa aliyoitaka Lippmann ilikuwa utaratibu wa kazi, unaofanana na wa maabara: onyesha umejuaje, ili mwingine akirudia hatua zako afike ulipofika.

Hakudai mwandishi awe hana moyo. Mimi ni mtu wa Pamba, wa Lindanda tangu utoto, na siku timu iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024 sikulala. Ukinipeleka CCM Kirumba kuandika mechi yao, moyo wangu unajulikana uko wapi. Lakini kona ni kona. Nikizihesabu kwenye daftari, mtu wa timu nyingine akirudia mkanda wa video atapata namba ile ile. Akikuta tofauti, ana haki ya kunipigia simu ananifokea. Hicho ndicho ninachokitaka kwa habari ya nyavu pia. Sihitaji kijana asiye na huruma kwa mvuvi. Nahitaji kijana ambaye huruma yake haigusi rula.

Balansi tupu ilishawaponza Wamarekani wenyewe. Februari 1950 seneta Joseph McCarthy alisimama Wheeling, West Virginia, akasema ana orodha ya wakomunisti walioko wizara ya mambo ya nje. Siku chache namba ikahama, mara 205, mara 57, mara 81. Magazeti mengi yaliandika tu alichosema, kisha yakaandika na ukanusho wa wizara chini yake. Kila kitu kilinukuliwa sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema mapema, kwa herufi kubwa, kwamba orodha yenyewe hakuna aliyeiona.

Sasa ile ya kusimama upande. Nisiionee, maana ina hoja nzito kuliko inavyopewa darasani, na kanda yetu ina ushahidi wake.

Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa akiiongoza BBC hapa nchini, aliingia kwa waganga wa Kanda ya Ziwa akijifanya mfanyabiashara anayesaka utajiri. Wapo waliokuwa tayari kumtafutia viungo vya watu wenye ualbino, kwa bei. Habari ilipotoka alitishiwa maisha na kulazimika kujificha. Hebu jaribu kuibalansi hiyo. Umpe mganga aya tatu aeleze faida za dawa yake? Kuna mambo ambayo ukisimama katikati umeshachagua, na umechagua vibaya. Ntetema hakusimama katikati.

Lakini tazama ilichofanya mikono yake. Hakuandika kwamba waganga ni wabaya kisha akatafuta mtu wa kulia kwenye kamera. Alikwenda, akauliza bei, akajibiwa. Hasira alikuwa nayo bila shaka, ila kilichowafunga midomo waliokuwa wakisema "hayo ni maneno ya mitaani" ni kwamba mtu amefika mlangoni na ametajiwa bei. Baadaye alipoamua kuwa mtetezi, alihamia shirika la kutetea watu wenye ualbino, Under the Same Sun, akawa mkurugenzi wake hapa Tanzania. Alibadilisha kofia mchana, watu wakiona. Hilo la kubadilisha kofia mchana nalirudia mara nyingi kwa vijana, kwa sababu ugonjwa wa siku hizi ni kuvaa zote mbili pamoja: asubuhi mwandishi, jioni mpambe wa mgombea, na akaunti ni hiyo hiyo.

Upande wa pili wa shilingi sisi watu wa Mwanza tunaujua kuliko wengi. Filamu ya mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki minofu ikishatolewa; wenyewe waliiita Darwin's Nightmare. Ilitengenezwa na Mzungu wa Austria, ikatoka 2004, ikafika hadi kugombea Oscar. Ilionyesha sangara akipanda ndege kwenda Ulaya na mapanki yakibaki kwetu, watoto wa mtaani, makambi ya wavuvi, Ukimwi. Mengi ya yale yalikuwepo, na mtu aliyekuwa akiishi hapa miaka ile asikudanganye kwamba hayakuwepo. Lakini filamu ilikuwa na upande tayari kabla kamera haijawashwa, na upande huo ulihitaji ndege zije na silaha. Marubani walizungumzia shehena za silaha walizopeleka kwingine Afrika, mtazamaji akaachiwa aunganishe. Silaha zenyewe kwenye picha hazikuonekana zikishuka Mwanza. Basi ikatosha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishambulia hadharani, watu wakaandamana hapa mjini, na kuanzia hapo ilikuwa vigumu kuzungumza lolote la kweli lililomo ndani yake bila kuitwa msaliti. Swali la mapanki, nani anayala, kwa bei gani, minofu inaliingizia jiji shilingi ngapi na inabaki ngapi, likazama. Hilo ndilo linaloniuma. Kipande kimoja kisichopimwa kiliwapa watu sababu ya kutupa vipande kumi vilivyokuwa sahihi.

Na upande ule mwingine, wa "nchi imechafuliwa", nao ulikuwa ni kusimama upande vile vile. Uzalendo hauna rula.

Kuna jingine kuhusu kusimama upande ambalo vijana hawaliwazi mpaka liwakute. Upande unaokubeba unakutaka mzima. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alilitaifisha gazeti la The Standard na kulikabidhi kwa Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini mwenye msimamo wa kijamaa usio na shaka. Gazeti liliruhusiwa kukosoa, likiwa ndani ya ujamaa. Mwaka uliofuata likaandika tahariri kali dhidi ya Rais Nimeiri wa Sudan kwa kuwaua wakomunisti baada ya jaribio la mapinduzi, na Ginwala akaondolewa kwenye kiti. Mwaka 1972 gazeti likaunganishwa na la chama, ikazaliwa Daily News. Alikuwa wa upande ule ule! Ndio maana namwambia kijana anayetaka kuwa mwandishi wa wavuvi, au wa chama, au wa kanisa: jiulize siku mvuvi akikosea utaandika nini, na nani atalipa kodi ya chumba mwezi huo.

Kuhusu kodi ya chumba, hapa ndipo ulinganisho unapokuwa wa kweli, kwa sababu njia hizi tatu hazina bei moja. Kubalansi ni rahisi: simu mbili na dakika arobaini. Mwandishi anayelipwa kwa stori akitoa tatu kwa siku anakula. Kusimama upande nako ni nafuu, mara nyingi unalipwa na upande wenyewe, gari lao, chakula chao, na ile bahasha ya "nauli" mwishoni mwa semina ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeiandika. Kupima ndiko ghali. Kwenda Ukerewe ni saa tatu za meli hadi Nansio, ulale, urudi, na stori ni moja. Ukiomba takwimu kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ina siku 30 za kukujibu, na wewe mhariri wako ana saa tisa alasiri. Simlaumu sana anayebalansi, basi. Namlaumu anayebalansi kisha anajiita hana upande.

Kitu kimoja kinapunguza bei ya kupima, nacho ni sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ina meno, hata baada ya Mahakama ya Afrika Mashariki kusema Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa jumuiya, na hata baada ya marekebisho ya 2023. Siku ukiitwa kujieleza, "mvuvi aliniambia" ni mto mwembamba wa kulalia. Daftari lenye saa, mahali, vipimo na majina ya waliokuwepo unalala nalo vizuri zaidi.

Je, basi kupima kunashinda kila mahali? Hapana, na mtu akikuambia hivyo hajawahi kuwa kwenye habari ya ajali.

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia Bwisya, Ukara, ikitoka Bugolora, simu zote za Mwanza zilikuwa na namba. Kila kikundi na yake. Saa zile huna rula, huna orodha, na giza linaingia. Ukisubiri kupima umewaacha watu na uvumi. Hapo kazi iliyo bora ni ya chini kabisa: andika namba pamoja na mwenye namba na saa yake. "Hadi saa moja jioni, mkuu wa wilaya amesema..." Kesho namba itabadilika na hakuna atakayekuita mwongo, kwa sababu hukusema ni yako. Siku mbili baadaye fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Waliokuwa wameshatangaza kwa sauti yao wenyewe kwamba hakuna aliyebaki hai humo ndani walijifunza kitu.

Baada ya wiki, hali inageuka. Kivuko kile kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Ukishaweka namba hizo mbili kwenye sentensi moja, kuandika kwamba chombo kilizidisha abiria si kuegemea upande. Huhitaji tena "inadaiwa". Nimekuta vijana waoga wanaobandika "inadaiwa" hata kwenye kitu kilichohesabiwa, wakidhani ndiyo adabu ya kazi. Kutoegemea upande ni namna ya kwenda. Ukishafika, sema umefika.

Na kuna pahali rula haifiki daima. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, orodha ya abiria ilikuwepo kwa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo sababu hadi leo ukisoma sehemu mbili utakuta idadi mbili za waliokufa, na mwandishi mwaminifu anaandika kwa nini ziko mbili, hachagui moja ili sentensi ikae vizuri. Maskini ndio wasiohesabiwa, hata kwenye meli, na hilo lenyewe ni habari.

Balansi nayo ina kiti chake, na nikiwa mkali kwayo namaanisha pale inapokaa kwenye kiti kisicho chake. Chukua swali la kufunga ziwa. Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15, 2024. Tuseme siku moja likaja pendekezo kama hilo huku kwetu. Ukubwa wa samaki waliopo unapimika, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wako hapo Nyegezi, waulize. Lakini "je, ni haki kumwambia mtu akae miezi mitatu bila kazi ili mjukuu wake apate samaki?" Rula ya hilo iko wapi? Hapo kaa pembeni, wape watu nafasi. Ila usiwape wawili. Mazoea yetu ni afisa mmoja na mvuvi mmoja, wote wanaume, wote wamesimama mbele ya mtumbwi. Mwenye mitumbwi kumi na kijana anayeajiriwa kwa usiku hawana maslahi sawa. Mama wa chanja ana hesabu yake, mbeba mizigo ana yake, na muuza barafu humkumbuki mpaka umekaa mwaloni ukamwona. Balansi ya pande mbili mara nyingi ni uvivu wa kuhesabu pande.

Kwa hiyo kijana akinibana nimchagulie, namwambia hivi. Kama kinachogombaniwa kinaweza kushikwa, kuhesabiwa au kusomwa kwenye karatasi, pima, hata kama itakuchukua siku nzima na mhariri atanuna. Kama ni ajali ya saa ya kwanza, taja mwenye namba na saa. Kama ni suala la nini kiwe haki, sikiliza wengi kuliko wawili. Na kama roho inakuwasha na unataka kusema wazi kwamba wavuvi wameonewa, sema, iko sehemu yake, inaitwa tahariri au maoni, weka jina lako juu. Lakini piga vipimo kwanza. Tahariri ya mtu aliyepima inauma zaidi, waulize wanaoandikwa.

Kwa msikilizaji kipimo ni kifupi zaidi. Ukimaliza kusikia habari, jiulize kama yule mama alivyoniuliza. Kama umebaki na "huyu kasema, yule kasema", hujapewa habari bado. Kama umebaki na hasira tu, uliza umepewa kitu gani cha kushika. Makanjanja wa mtandaoni wanajua kutia hasira, ila waulize "umejuaje?" kwenye maoni uone watakavyokuzuia kuandika tena.

Mwaka huu nina vijana wanne. Mmoja, binti wa Sengerema, alibishana nami wiki nzima. Alisema kupima ni anasa ya wazee wenye mshahara, na kwamba mvuvi aliyechomewa nyavu anahitaji sauti leo, si desimali. Nikamwambia habari ile ya pili aliyoiandika yeye ni nzuri, kweli ni nzuri, ile sentensi ya "wamelilinda dhidi ya nani" ni yake na ninaiba. Kisha nikamuuliza: kama tukipima tukakuta zote ni milimita 6, utaifuta?

Akakaa kimya kidogo. "Nitaiandika upya," akasema. "Nitauliza nani aliwauzia."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Duka lililouza nyavu zisizoruhusiwa kwa risiti halikuwemo kwenye habari yoyote kati ya zile tatu, wakati neno risiti lilikuwa limekaa pale kwenye ya kwanza tangu mwanzo.

Kesho wanakwenda Kayenze na daladala ya saa kumi na mbili asubuhi. Rula iko droo ya kwanza, ile ya chuma, maana ya plastiki inapinda juani. Na nimewaambia wasirudi bila kuiona hiyo risiti.